Mlima Usiojua Majina

Farasi alizama saa tatu kasorobo asubuhi, na kuanzia hapo siku ile yote ilikwenda upogo.

Walikuwa wakivuka kijito pale pale wanapovuka watu wa kijiji chetu cha Chong-Terek kila majira ya baridi, mahali ambapo barafu haijawahi kumvunjikia mtu. Mzee alikuwa ameshafika ng'ambo, akigongagonga kwa fimbo yake ya mreteni. Farasi alikuwa katikati, hatamu ikiburuzika. Mkamwana wa mzee, Zuura, alikuwa bado ukingoni nyuma. Barafu haikupiga kishindo wala haikulia. Ilifunguka tu. Farasi akaingia hadi shingoni, akatoa sauti moja fupi, maji yakamvuta yakampeleka chini ya barafu, na matandiko yote mgongoni: beleshi, kamba, mablanketi ya sufu na mkate.

Mzee alisimama akilitazama lile tundu kwa muda mrefu. Sisi Wakirgizi farasi tunamlilia kimya kimya, na kwa siku nyingi kuliko tunavyokiri.

"Kimebaki nini?" hatimaye alipaza sauti kutoka ng'ambo.

Zuura alifungua kifurushi chake. "Bakuli la bati, Baba. Kiberiti. Na kuruti nane."

"Nane?"

"Saba. Moja naitafuna."

"Basi sema saba. Kilicho mdomoni hakihesabiwi." Akapunga fimbo. "Usikanyage hapo tena. Panda juu utafute pa kuvukia."

Kupanda huko kulimla Zuura saa mbili nzima. Alipovuka, juu ya magogo yaliyogandamana, alikuwa amelowa hadi magotini, na kuruti zile, vidonge vya maziwa makavu yenye chumvi, zilikuwa zimebaki sita. Walikuwa wakirudi nyumbani kutoka kwenye kibanda cha mchungaji, walikopeleka unga wake na chumvi ya yaki wao, ng'ombe wa mlimani wenye manyoya marefu. Safari ilikuwa ya siku tatu. Dhoruba ikawafungia huko siku mbili zaidi. Nyumbani Zuura alimwacha binti yake wa miaka sita, Aidai, ambaye alimuahidi kwa vidole vitatu: siku tatu. Mume wake alikuwa Moscow akijenga maghorofa ya watu. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na mwanamume mmoja tu, naye ni huyu mzee. Akipotea, Zuura alijua, mifugo itauzwa, mume atabaki Moscow milele, na yeye na Aidai watakuwa watu wa kuhurumiwa. Zaidi ya hayo, alimpenda. Mzee huyu ndiye aliyemfundisha kukamua yaki wakati wengine wote walipokuwa wanamcheka.

Hapa lazima niseme jambo moja. Kwetu mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno lolote linalofanana na jina hilo. Mzee aliitwa Karybek. Na theluji, kwa lugha yetu, ni kar. Basi tangu Zuura aingie nyumba ile na ushungi wake mweupe, miaka minane, hakuwahi kutamka jina la mzee, na hakuwahi kutamka theluji. Aliiita "ile nyeupe". Katika bonde ambalo theluji hulala miezi mitano, ni sawa na kumkataza mwokaji asitaje unga. Mwaka wa sensa, karani alipomuuliza jina la mkuu wa kaya, Zuura aliomba kalamu. Majirani walicheka hadi machozi, lakini mavyaa wake, mama Burul, alivimba kwa fahari. "Mkamwana wangu," alisema kila penye harusi, "ulimi wake umeoshwa kwa maziwa."

Walifika Chakyrma jua likiwa utosini, na hilo ndilo kosa lililozaliwa na lile la asubuhi. Chakyrma ni mteremko mpana, mtupu, hauna mti wala kichaka, na njia ya kijiji inaukata katikati. Watu huuvuka alfajiri, theluji ikiwa bado imeshikana. Baada ya jua kuugusa, mwenye akili hukaa akanywa chai mpaka kesho yake. Juu kabisa, upepo wa siku mbili ulikuwa umejenga ukingo wa theluji uliochomoza hewani, na kutoka kwenye ukingo ule vibonge vidogo vilikuwa vikidondoka na kuviringika, kimoja kimoja.

Mzee alipiga magoti pembeni, akauzamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa. Ganda la juu lilikuwa gumu, unene wa kiganja. Chini yake kulikuwa na chembe kubwa kavu zisizoshikana, zikamwagika kati ya vidole vyake.

"Juu mkate, chini sukari," alisema. "Inabeba sungura. Mtu, sijui."

"Tungoje jua lipite, Baba?"

Mzee akaonyesha magharibi kwa kidevu. Wingu zito la kijivu lilikuwa limeshameza vilele viwili. "Likipita jua linakuja lile. Bila kuni, bila blanketi, kesho watatukuta tumekaa vizuri kabisa kama wageni wanaongoja chai."

"Na kurudi?"

"Kurudi wapi? Kwenye kijito kile? Mguu wako umelowa, utaganda ukatwe." Akageuka ghafla. "Umeniita?"

"Hapana. Si tunaongea?"

"Mtu kasema 'Baba'."

"Labda upepo."

"Upepo uko wapi?"

Kweli, upepo haukuwepo. Hata nyuzi za ushungi wa Zuura zilikuwa zimetulia. Kimya cha mahali pale kilikuwa kizito, cha namna inayomfanya mtu asikie damu masikioni mwake. Zuura alihisi nywele za shingoni zikisimama, na akaogopa. Aliogopa zaidi kwa sababu mzee hakuwa mtu wa kuogopa.

"Sikiliza, mwanangu, maana tukiingia pale sitasema tena," mzee alinong'ona. "Huu mlima unaita. Ulimwita kaka yangu mwaka niliooa. Unasema Baba, unasema Mama, unasema Kaka, kwa sauti ya mtu wako mwenyewe. Lakini jina haulijui. Hapa ukiitwa kwa jina, itika, huyo ni mtu. Ukiitwa bila jina, funga mdomo. Ukiitika, utakwenda alikokwenda kaka yangu."

"Na kama ni mimi ninayekuita?"

Mzee alifikiri. "Wewe usiniite."

Akamlegeza Zuura mkanda wa koti, akamwambia abebe kifurushi kwa bega moja ili akitupe upesi, avute kitambaa mdomoni. Atatangulia Zuura, maana ni mwepesi. Mzee atafuata Zuura akishafika, si kabla. "Usikimbie. Usikanyage kwa kishindo. Ukifika kwenye ule mgongo wa mawe, geuka unitazame. Usiniondolee macho hata chembe. Likitokea la kutokea, ukijua mahali nilipoonekana mwisho, umejua nusu."

"Omin," alisema Zuura, akapitisha viganja usoni, akaingia.

Hatua mia mbili. Alizihesabu. Katika hatua ya tisini, mteremko mzima ulishusha pumzi. Ilikuwa sauti ya chini, nzito, kama ng'ombe anayelala, na ardhi aliyoikanyaga ikashuka upana wa kidole. Zuura alisimama na mguu mmoja hewani. Hakuna kilichofuata. Alitamani kurudi, alitamani kukimbia, akafanya lile la tatu: akaushusha mguu polepole akaendelea. Alipogusa mawe, akakaa. Kisha akakumbuka, akasimama, akamtazama mzee.

Mzee alikuwa anakuja katika nyayo zile zile za Zuura, kichwa chini, fimbo mkono wa juu. Akafika katikati. Hapo ndipo Zuura alipoona, juu yake, chini ya ule ukingo, mstari. Ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea. Ukakimbia kushoto hadi mwisho wa mteremko, na uzi ukawa ufa.

Mwanamke mwingine yeyote wa Chong-Terek angepiga kelele: theluji! Au angepiga kelele: Karybek, kimbia! Zuura alifungua mdomo, na maneno yote mawili yalikuwa yamefungiwa mlango miaka minane. Yalikataa. Alitafuta mengine. "Baba!" alilia. "Baba, ile... ile nyeupe... juu!"

Mzee akasimama.

Hilo ndilo lililomchoma Zuura kuliko yote, hata leo. Angenyamaza tu, mzee angepata hatua kumi zaidi. Lakini alisikia "Baba" kwenye mlima ule, akafanya kama alivyofundishwa na wazee wake: akafunga mdomo, hakugeuka, akasubiri jina. Halikuja. Badala yake ulikuja mteremko. Ulivunjika kama sahani, vipande vipana kuliko nyumba, vikateleza pamoja, kisha vikapandana, na ngurumo ikafika baadaye. Zuura aliona kofia ya manyoya, akauona mkono na fimbo, akaona kofia tena chini zaidi, karibu na jiwe kubwa jeusi. Halafu vumbi jeupe likafunika kila kitu.

Lilipotua, palikuwa kimya. Mteremko ulikuwa umechunika, na chini palikuwa na rundo kama shamba lililolimwa na kichaa.

Zuura hakulia. Alishika kwa macho mahali alipoiona kofia mara ya mwisho, akashuka mbio, huku kitu cha ajabu kikimuudhi: mkono wake ulikuwa bado umeshika kipande cha kuruti. Akakitupa. Alifika kwenye rundo. Theluji iliyokuwa laini dakika chache kabla ilikuwa sasa imeganda ngumu kama ukuta. Aliipata kofia hatua ishirini juu ya jiwe jeusi. Chini ya kofia hapakuwa na mtu. Alichimba kwa bakuli la bati, akachimba tena pembeni, akapata glavu moja, tupu.

"Baba!" aliita, akalaza sikio. "Baba!"

Kimya.

Alisogea, akaita, akalaza sikio. Akasogea tena. Kila mahali mara mbili, mara tatu. Wingu lilikuwa limefika kwenye jua na mwanga ukawa wa kijivu usio na kivuli. Na katika mwanga ule, akiwa kimya amelaza shavu, alisikia kwa mbali sana, kutoka chini, sauti ya mwanamke ikisema: "Baba."

Aliruka nyuma. Alidhani ni mwangwi. Lakini mwangwi haukawii hivyo, na hautoki chini. Baridi iliyompita mwilini haikuwa ya hewa. Ile ilikuwa sauti yake mwenyewe, mwito wake mwenyewe wa kila asubuhi anapomletea mzee chai, mpole kabisa, usio na haraka.

Alitaka kukimbia. Naandika wazi kwamba alitaka, na kwamba alipiga hatua nne kuelekea kijijini. Akasimama. Maneno ya mzee yalimrudia: ukiitwa bila jina, funga mdomo. Mlima bado unamwita, basi yu hai, akajiambia. Yu hai, ananisikia, na hanijibu. Anadhani mimi ndio ule mlima.

Mtu angedhani hapo mambo ni rahisi. Hayakuwa. Zuura alitazama huku na huku, kwenye mlima ule mtupu, kana kwamba mama Burul angetokeza nyuma ya jiwe na kijiko chake. Uso ulimwaka kwa aibu. Alijaribu, ikatoka pumzi tu. Alijaribu tena, ikatoka herufi ya kwanza. Akakumbuka vidole vitatu vya Aidai. Akajaza kifua.

"Karybek!"

Jina lilikwenda mlimani likarudi. Hakuna kilichoanguka. Hakuna aliyemlaani.

"Karybek! Mimi Zuura! Karybek, niko hapa juu, juu ya theluji!"

Akalaza sikio kwenye jiwe jeusi, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Na ndani ya jiwe, wazi kama mtu anayebisha hodi, akasikia fimbo ikigonga: ko. Ko. Ko.

Alichimba upande wa chini wa jiwe. Bakuli lilipinda, akalinyoosha kwa goti, akaendelea. Kucha zilikatika. Alikuwa akisema jina lile kila anapotupa bakuli moja la theluji, kwa sauti, kwa hasira, jina lote la miaka minane, na kila mara fimbo ikajibu. Kisha ikaacha kujibu. Akachimba bila kuita. Mkono ukatokea, kisha bega, kisha uso wa buluu uliokuwa umebanwa kwenye pango dogo, kati ya jiwe na theluji, ambako hewa ilikuwa imebaki kidogo. Ndevu zilikuwa zimeganda barafu. Alimpiga makofi mashavuni.

Jicho moja likafunguka.

"Nani," mzee alikoroma, "kataja jina langu?"

"Mimi, Baba. Nisamehe."

"Chimba kwanza. Msamaha utaomba nikiwa na miguu."

Alipomtoa mwili wote, bega la kushoto lilikuwa limeteguka na kifundo kimoja kimevimba. Zuura alimfunga mkono kwa ushungi wake, akabaki kichwa wazi mbele ya baba mkwe, jambo ambalo mkamwana hafanyi. Akampa kuruti aimung'unye. Akamvisha glavu na kofia.

"Ulikuwa ukiniita 'Baba'?" mzee aliuliza.

"Niliita sana. Hukujibu."

"Ulikuwa juu?"

"Juu, ndiyo. Chini ningefikaje?"

Mzee aliitafuna kuruti yake polepole, akiwa ameyatazama mawe. "Mlikuwa wawili," alisema. "Mmoja alikuwa juu, anapiga kelele kama muuza ng'ombe. Mwingine alikuwa chini yangu. Yule wa chini alikuwa na sauti nzuri zaidi. Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu."

"Ukajibu?"

"Nikasikia jina."

Wakaondoka bila kutazama nyuma, theluji mpya ikianza kudondoka. Mzee aliegemea bega la Zuura upande mmoja na fimbo upande mwingine. Njia ya saa moja na nusu waliimaliza kwa saa nne. Waligawana kuruti ya mwisho kwa kuivunja kwa meno, na kila mara mzee alipotaka kukaa apumzike, Zuura alimwita kwa jina, naye akasimama, akinung'unika kwamba sasa amezoea vibaya. Saa kumi na moja jioni mbwa wa kijiji wakawasikia. Wanaume watatu wakaja na farasi. Aidai alikuwa mlangoni, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuonyesha vidole vitano, kwa ukali, mbele ya uso wa mama yake.

Mzee hakumwambia mtu jinsi alivyopatikana. Zuura pia hakusema. Alilala usiku ule karibu na jiko, mikono imefungwa matambara, akijua kwamba asubuhi atarudi kuwa mkamwana kama jana, na akajikuta anasikitika.

Asubuhi alifungua mlango kwenda kuchota maji. Ua wote, zizi, mpaka kwenye ngazi, vilikuwa vimefunikwa upya.

"Theluji imeanguka," alisema.

Kijiko cha mama Burul kilianguka kwenye sufuria. "Umesema nini wewe?"

Kwenye godoro, mzee alifungua jicho moja, lile lile. "Amesema theluji imeanguka," alisema. "Masikio yangu yamezikwa na bado yanasikia. Yako yana nini? Funga mlango, Zuura, baridi inaingia."

Burul alinyamaza kwa siku mbili, na kwa Burul hiyo ni saumu kubwa. Siku hizi kifundo kimepona na bega linamuuma mzee hewa inapobadilika. Jambo moja tu limebaki, na kijijini wanalijua wote ingawa hawajui sababu yake. Akiwa nje zizini, ukimwita "Baba", au "Mzee", haitiki. Anasimama hapo alipo, amekupa mgongo, hasogezi hata mkono. Watoto wanadhani amekuwa kiziwi. Ndipo Zuura, mkamwana pekee katika bonde zima anayethubutu, hutoka mlangoni akaita kwa sauti: "Karybek!"

Naye huitika, akaja kunywa chai.